Bastola Moja Iliyoruhusiwa Kung'aa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Patron, yaani mwenye karakana, aliniambia, "Leta mikono," akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua viazi sokoni, kisha akanionyesha kiti. Alikuwa Mbelgiji aliyezaliwa Likasi, kwetu Katanga, na Kiswahili chake cha huko kilikuwa cha kazi na kuamuru tu: leta, ngoja, ondoa. Salamu nilimfundisha mimi, huko Schaerbeek, mtaa mmoja wa mjini kwao Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwanafunzi mgumu yule! Ilichukua muda mrefu hadi akajua kwamba mtu huulizwa habari za nyumbani kabla ya kutumwa bisibisi.

Kazi yetu ilikuwa kutunza bastola za kale, hasa za askari wapanda farasi wa Marekani, zile walizobeba katika vita vya mipakani. Najua, ninyi vijana mkisikia hivyo macho yanawatoka. Mimi vita vile sikuwahi kuvishangilia. Wenyeji wa kule walinyang'anywa ardhi yao, na mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Lakini kilicholala mezani kwangu kilikuwa chuma kilichochongwa na fundi, na fundi humjua fundi mwenziwe hata kama hawakuonana.

Nilianzia meza ya kufungua. Hapo unalegeza parafujo bila kuziumiza vichwa, unatoa silinda, kile kipande cha duara kinachozunguka na risasi, na kila kitu unakipanga juu ya kitambaa. Baadaye nikahamishiwa meza ya mbao, kwenye mipini ya mti wa jozi. Mkaguzi wa jeshi aligonga muhuri wake mdogo hapo. Ukipitisha msasa, muhuri umekwenda na haurudi. Mwisho nikapewa meza ya mitambo, penye springi, kifyatulio na nyundo. Nyundo ile huvutwa nyuma kwa dole gumba, na ikiwa nzima hulia mara nne. Patron aliisikiliza amefumba macho.

Sheria kubwa ya karakana ilikuwa moja: kutosugua. Mimi nilikuwa nimetoka karakana ya mgodini, ambako kifaa kisichong'aa ni aibu ya mwenye nacho. Nilipopewa bastola ya kwanza, imepiga rangi ya kahawia kama chai ya rangi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye msasa. Patron akaudaka.

"Ngoie, acha! Usisugue. Ile rangi njo sura yake. Ukiiondoa, inabakia chuma tu."

Rangi hiyo waliiita patine. Ni ngozi ambayo chuma hujiotea kwa miaka, kwa jasho la mikono na mafuta. Sisi tulizuia kutu isile, tukapaka mafuta kidogo, basi. Miaka ikapita hivyo, mimi na yeye, tukibishana kuhusu mvua na kuhusu sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo alidai mama yangu hakujua kuipika kushinda mpishi wao wa Likasi. Nilimpenda mzee yule, na siachi kusema.

Kisha uzee ukamwingia kichwani. Asubuhi moja nilimkuta ameisugua bastola ya mteja mpaka imekuwa nyeupe kama kijiko. Alikuwa anatabasamu. "Unaona, Ngoie? Iko mupya!" Yeye, aliyeudaka mkono wangu! Binti yake, aliyepokea wateja pale mbele, alimwomba mwenye bastola radhi. Haukupita muda, Patron akaharibu nyingine.

Binti akaniita pembeni. Kwa Kifaransa, macho yamejaa machozi, akaniambia, "Nampenda baba yangu. Lakini akiharibu moja tena, hatakuja hapa. Atabaki Etterbeek, ndani ya nyumba."

Mke wa Patron alikuwa ameshafariki. Nikamwona akilini mwangu amekaa dirishani huko nyumbani, mikono imelala mapajani bila kazi, nikajua atakufa kwa hilo kabla ya ugonjwa. Lakini ningemwambiaje? Kwetu mkubwa hakosolewi. Mkubwa huombwa msaada.

Kule mbele, dirishani pa duka, palikuwa na bastola ya kopi, pambo la kiwandani ambalo hata mtutu wake haukutobolewa. Nikaichukua. Za wateja nikazifungia kabatini, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu.

"Patron, hii inanishinda. Nisaidie."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akasugua siku nzima, akiimba. Jioni, alipokwisha kwenda, niliipaka siki ikafifia, ili kesho apate kazi. Tukaenda hivyo misimu mingi: yeye anang'arisha, mimi nafifisha. Binti aliona, na kila alipokwenda sokoni aliniletea chupa ya siki.

Asubuhi ya mwisho alinishika mkono, pale pale aliponidaka kwenye bastola yangu ya kwanza.

"Ngoie, iki kintu ni kopi. Minajua tangu siku ya kwanza. Kila asubui inanuka vinaigre."

Vinaigre ndiyo siki yangu; nikaona haya mpaka masikioni. "Sasa kwa nini uliendelea, Patron?"

"Bon, uliniomba musaada. Muntu anaweza kukatalia ndugu yake musaada?" Halafu, yeye niliyemkuta na maneno ya amri tu, akauliza, "Na kule nyumbani? Maman na batoto banaamuka muzuri?"

Nikamjibu wote wameamka salama. Akaing'arisha kopi yake, na jioni hiyo sikuipaka siki. Kesho yake hakuamka yeye.

Sasa nimestaafu. Binti alinipa ile kopi, na iko juu ya kabati letu la vyombo. Wajukuu hunicheka: babu aliyekataza watu kusugua ana bastola inayometa kama sufuria la harusi! Wananishauri niipake kitu ifanane na za kale. Siki ipo jikoni, na kuififisha naweza hata leo. Sitaigusa. Mng'ao ule ndio sura yake.