Mteja Mwenye Kelele

Katoro nzima inajua kwamba mama yangu ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Wanaojua kwamba binti yake, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, anacheza gemu ni wachache, na nilikuwa nahangaika wasiongezeke. Mashine yangu ya gemu iko chini ya televisheni, chumbani kwangu, na nimeifunika kitambaa cha kufuma kama ilivyo desturi ya kila chombo cha thamani nyumbani kwetu. Siku jumuiya ya kanisa iliposali kwetu, mama mmoja aliingia chumbani kwangu kuacha mkoba, akakifunua kile kitambaa akauliza hiki ni nini. Nikasema ni king'amuzi. Akauliza mbona king'amuzi kina pedi mbili zenye vitufe. Nikasema ni rimoti za aina mpya, na sala ikaanza nikiwa na masikio ya moto.

Sehemu pekee ambayo sikuwa na aibu ni kwenye simu. Tuna kundi letu la wacheza gemu, watu wa Kahama, Shinyanga mjini, Mwanza na huku kwetu, wengi wao vijana wa kiume wanaoniita dada kwa heshima. Wao hutuma picha za magoli. Mimi hutuma sauti, na sauti zangu ni ndefu, na karibu zote ni malalamiko. Mtu akitaka kununua gemu anauliza kwanza, "Dada amesemaje?" Nilikuwa naipenda sana hiyo sentensi.

Na nilikuwa na ya kusema. Niliwaambia kwamba siku hizi tunauziwa gemu ambazo hazijaiva. Unanunua diski kwa hela yako ya jasho, unaitia kwenye mashine, na mashine inakwambia usubiri ishushe gemu kutoka mtandaoni, gemu ileile uliyoishika mkononi sasa hivi. Bando la wiki nzima linakwisha kabla hujaona hata picha ya kwanza. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Niliwaambia kuhusu gemu ya mpira inayotoka kila mwaka, ambayo kinachobadilika ni jezi tu, na mtangazaji wake anashangaa palepale alipokuwa akishangaa mwaka juzi. Niliwaambia wasinunue gemu yoyote siku inapotoka, maana wanunuzi wa kwanza ndio wanaofanywa wajaribu gemu, na wanalipa kwa kazi hiyo.

Lakini kilichokuwa kinanichoma zaidi ni namna wenye gemu wanavyotujibu. Nchi yetu haimo kwenye orodha ya duka lao. Ili ninunue kitu, ilinibidi nijiandikishe kama mkazi wa nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, kwenye mtaa nilioutafuta kwenye ramani. Kwa hiyo nikitaka kulalamika kwamba nimedanganywa, sharti nianze kwa kudanganya. Halafu ukishalalamika unaulizwa kama umejaribu kuzima na kuwasha.

Mwaka huu nilinunua gemu niliyokuwa nimeisubiri sana, ya mwanamke anayevuka milima kumtafuta mdogo wake. Ni nzuri. Upepo wake unausikia hadi unatafuta kanga ujifunike. Ila katikati ya safari kuna daraja, na kila nilipolikanyaga, mbao zilitoweka, yule mwanamke akaanguka, na mimi nikarudishwa mwanzo wa mlima. Niliwaandikia wenye gemu. Wakajibu kwamba wameichunguza, gemu inafanya kazi inavyotakiwa, na huenda tatizo liko kwenye kifaa changu.

Nilikaribia kutupa pedi ukutani. Niliusoma ujumbe wao kwenye kundi kwa sauti ya kubana pua, kila mtu akacheka, kisha nikasema maneno ambayo vijana waliyasambaza hadi kwenye makundi mengine: "Mtu akishakulipa, kazi ikiharibika ni yako, si yake. Usimwambie tatizo ni yeye. Irudie." Bodaboda mmoja alinisimamisha sokoni kunipongeza. Nilitembea siku hiyo kama mheshimiwa.

Sasa nieleze kazi ninayoifanya mchana, maana sikuwa nimewahi kuiweka karibu na hayo malalamiko.

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ni pipa kubwa la chuma linalozunguka, ndani yake kuna gololi za chuma zinazoyaponda mawe mpaka yawe unga. Mchimbaji analeta mifuko yake, analipia kusagiwa, anauosha unga wake kwenye ubao wetu wenye magunia, na dhahabu inayonaswa pale ni yake. Mchanga unaobaki baada ya kuosha tunauita marudio, na marudio ni ya mwenye karasha. Ndivyo ilivyo kuanzia huku kwetu hadi Kahama. Hakuna anayegombana juu ya hilo. Baadaye mwenye karasha huyauza marudio kwa mwenye mtambo wa dawa, ambao hutoa dhahabu iliyokwepa magunia.

Desturi hiyo haina ubaya ikiwa unga umelainika. Unga ukiwa na chenga, dhahabu inabaki imejificha ndani ya chenga, inapita juu ya magunia bila kunaswa, na inaishia kwenye rundo letu. Yaani karasha likisaga vibaya, anayepata hasara ni mteja, na anayepata faida ni sisi. Hilo nalijua tangu utotoni.

Kipindi kile gololi zetu zilikuwa zimechakaa. Mama alikuwa ameagiza mpya kutoka Mwanza na zilikuwa zinachelewa. Alikuwa anaumwa miguu, hashindi tena uwanjani, kwa hiyo aliniuliza mimi kama kazi bado inakwenda au tusimame. Nikamwambia inakwenda. Kila asubuhi nilikuwa naushika ule unga na kuzisikia chenga vidoleni.

Basi akaja mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Ni mtu wa vijijini huko Shinyanga, alikuja machimboni kupikia wachimbaji, na nguvu za kubeba masufuria zilipopungua akawa anaokota mawe kwenye vifusi. Ana umri wa kunizaa, lakini ananiita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, na kila akipita getini huniwahi yeye kwa mwadila, salamu ya kwao, kabla sijampa shikamoo. Siku hiyo alileta mawe ya msimu mzima. Alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Ng'ombe wa familia walikwisha kwenye ukame, na alichokitaka ni kimoja tu: aingie kwa mwanawe na mtamba mmoja wa kuanzia. Alinieleza wakati mifuko inashushwa, na alikuwa ameshamwambia mwanawe kwenye simu asafishe zizi.

Yalikuwa mawe mazuri. Hata vijana wanaoshusha mizigo, ambao hawasifii kitu, walikuwa wanayapokezana na kuyageuza juani. Yakasagwa, akauosha unga mwenyewe, akiinama kwenye ubao kwa saa nyingi bila kumwachia mtu. Kilichopatikana hakikutosha hata mbuzi.

Mimi nilikuwa ndani ya kile kibanda cha mabati tunachokiita ofisi, nimeshika simu, nawaandikia wenye gemu jibu la kuwatia adabu. Nakumbuka nilikuwa natafuta neno kali kuliko "dharau". Akasimama mlangoni, hakuingia, mikono yake bado ina tope.

"Mayu," akasema, "naomba mnisagie tena. Nimeona kama unga haukulainika."

Wala hakuomba apewe marudio aondoke nayo, aliomba tu ule mchanga wake usagwe vizuri. Alikuwa anaomba kile alichokuwa amekwisha kukilipia. Na mimi, bila kuinua macho vizuri, nikasema, "Karasha liko sawa, mama. Mawe yako ndiyo yalivyo."

Nililisikia lile jibu likitoka. Lilitoka limenyooka, lina adabu, halina hata chembe ya hasira, kama lilivyokuja lile la wenye gemu. Nilijua palepale. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilichelewa kuelewa. Nilielewa kabla hajajibu, na uso wangu ukawaka moto, na bado sikulirudisha. Kumsagia tena maana yake ilikuwa kukiri mbele ya uwanja mzima kwamba gololi ni mbovu, na wateja wote wa wiki zile wangepanga foleni mlangoni. Nilimwangalia kidogo tu, nikaona anajaribu kuamini nilichomwambia.

"Haya, mayu," akasema. "Wabeja."

Ndivyo Wasukuma wanavyoshukuru. Akakusanya mifuko yake mitupu, akaikunja mmoja mmoja, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye simu nikamalizia ule ujumbe. Niliutuma. Sikubadilisha hata neno moja, na mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba mteja si mjinga.

Kesho yake alipanda basi la Kahama, ili aunganishe la Shinyanga. Niliambiwa tu, sikwenda kumuaga.

Wenye gemu walinijibu baada ya muda, na safari hii aliyeandika alionekana ni mtu. Aliomba radhi. Alisema wamegundua daraja lina hitilafu, kosa ni lao, wamelirekebisha, na kwa usumbufu walionisababishia wananipa bure ile sehemu ya nyongeza ambayo wengine wanainunua. Hakuniuliza ninaishi wapi. Niliurusha ujumbe kwenye kundi, na kundi likawaka. Wakasema dada ni simba, dada ameshinda, dada agombee ubunge. Waliomba niwatumie sauti ya kuwafundisha namna ya kudai haki, na nikaituma. Niliisikiliza mara moja baada ya kuituma. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye uhakika na kila anachosema.

Nilivuka daraja. Mbao zilishika. Niliicheza gemu yote na ile nyongeza, na ilikuwa nzuri sana, na wala sikuweza kuichukia kama nilivyotaka.

Gololi mpya zikafika. Mama akauza rundo la marudio, na haikupita muda mwenye mtambo akampigia simu kumshukuru. Alisema hajapata marudio yenye dhahabu namna ile kwa muda mrefu. Akauliza kama yule mwenye mawe bado anachimba hapohapo. Mama alifurahi, akaniita sebuleni akaniuliza ni mawe ya nani. Mama si mtu mbaya. Hakujua kwamba kuna mtu alisimama mlangoni akaomba kusagiwa tena, kwa sababu mimi sikumwambia. Nikamtajia. Akasema, "Mpigie, mwanangu. Mwambie aje na mawe mengine, tuna gololi mpya. Mwambie tutamsagia vizuri."

Nilikaa na hiyo simu mchana kutwa. Nilipanga kila neno. Nilipanga niseme mawe yako yalikuwa mazuri, unga wetu ndio uliokuwa mbovu, dhahabu yako imeuzwa na sisi, nitazungumza na mama tukununulie mtamba. Niliyarudia maneno hayo chumbani kwa sauti, nikiwa nimekaa kitandani, mpaka nikaona yamenyooka. Kusema nina kipaji, kila mtu kwenye kundi atakwambia hivyo.

Alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na kuku na watoto. Alifurahi kunisikia, aliuliza habari za miguu ya mama, akauliza kama mvua imenyesha kwetu, akasema kwao bado. Kisha kabla sijaanza akasema kuna jambo limekuwa likimsumbua tangu aondoke, na ni bahati nimepiga mwenyewe.

"Siku ile nilikukosea, mayu," akasema. "Nilidhani karasha lenu lina shida. Niliwawazia vibaya, na mmekuwa mkinisagia miaka yote. Nimewaambia na wenzangu huku wasiende kuhangaika, yale mawe hayana kitu. Naomba unisamehe."

Yale maneno yote yalikuwa bado kinywani mwangu, yamepangwa. Alikuwa ananisubiri.

Nikamwambia asijali, nimemsamehe.