Jibu la Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Hesabu, mama mmoja mkali wa Nguvumali, alinikabidhi boksi la chaki na daftari kuukuu la notisi. "Yote yamo humu, mwalimu. Nakili ubaoni, hutaaibika." Nikanakili miaka minne. Mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima, nami nikavimba kichwa, nikidhani huko ndiko kufundisha kidato cha tano na sita.

Kilichoniumbua ni hesabu ya kutafuta eneo lililo kati ya mkunjo na mstari wa mlalo. Mkunjo ukishuka chini ya mstari, kipande hicho hutoka hasi, kwa hiyo kila kipande hukokotolewa peke yake, hasi ikaondolewa, ndipo vikajumlishwa. Daftari lilivikokotoa kwa pamoja. Vikafutana, jibu likawa sifuri.

Mwanaidi, binti wa Kigombe, alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Mchoro una eneo, mbona jibu sifuri?"

"Andika kama ilivyo ubaoni," nikamjibu. Sikujua, na niliona haya kusema sijui.

Kwenye mtihani wa muhula aliandika alivyoona yeye. Nikamnyima alama zote za swali lile, na kwa upungufu huo akatolewa mchepuo wa hesabu, akahamishiwa historia. Alikuwa akitaka uhandisi. Mama yake alishawaambia majirani.

Muhula uliofuata niliitwa kusahihisha mitihani ya kidato cha sita. Msahihishaji Mkuu akatusomea mwongozo, nami nikasikia njia ya Mwanaidi, hatua kwa hatua. Niliporudi nikaenda kukiri kwa Mkuu wa Shule.

"Miezi yote hii hajagusa fizikia wala kemia," akasema. "Utamrudisha wapi?"

Nilimwomba radhi Mwanaidi mbele ya wenzake. "Yamepita, mwalimu," akasema, macho chini.

Tangu hapo, kila nikimaliza swali niliweka chaki, nikakaa dawati la nyuma, wanafunzi wakaukagua ubao. Walimu wenzangu walinicheka. Makosa yangu yaliyopatikana ni mengi kuliko nilivyopenda.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana wakiniomba notisi, nawanyima. Mwanaidi anafundisha historia Pangani, na tukikutana sokoni yeye ndiye wa kwanza: "Shikamoo, mwalimu." Naitikia marahaba, na sijaweza bado kumtazama usoni.