Bango la "Wewe Je?"

Siku ile bado naiona, mwanangu, gari la matangazo lilipoingia soko la Kasulu na muziki wake, mpaka maharage yakatikisika kwenye sahani. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa najiita msichana, ingawa watoto walishaanza kuniamkia.

Kampuni moja ya majani ya chai ilitafuta sura ya kuweka kwenye mabango. Nilikuwa nauza maharage meza moja na rafiki yangu Stela, huyu unayemwita mama mdogo, tuliyekua naye kijijini Titye. Tukapigwa picha wote. Mimi nilijifunga kitenge kipya, nikajipaka mafuta nikang'aa. Stela alikuja na vumbi lake la kupepeta. Wakamchukua yeye!

Bango likasimamishwa mkabala na meza yetu. Stela anacheka, kikombe mkononi, na chini yake: MTANZANIA HALISI NI HUYU. WEWE JE? Kila nikiinua kichwa, swali hilo. Wateja wakawa wananiruka: "Nipimie wewe wa kwenye bango!" Nilimwonea wivu, mwanangu, nisikufiche. Nilichukia hata kicheko chake, ambacho zamani nilikipenda.

Sasa, mambo ya uraia huku kwetu si utani. Miaka ile maofisa wa uhamiaji walipita wakiuliza nani alivuka kutoka Burundi, na wapo waliorudishwa. Stela aliwahi kuninong'oneza kwamba bibi yake alivuka akiwa binti, akaolewa Titye. Basi maofisa wakafika sokoni, mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, hapa wote mnajuana?"

Nikatazama bango. "Yule pale," nikasema, "bibi yake…"

"Bibi yake ndiye mkunga aliyekupokea!" Aliyedakia alikuwa shangazi yangu, muuza unga wa muhogo, kipimo mkononi. "Afande, huyu ana wivu wa picha tu. Msimsikilize."

Wakacheka, wakapita. Shangazi akaniinamia sikioni. "Na bibi yako wewe, mama yangu mimi, unadhani alizaliwa wapi? Haya, wakimbilie ukamalizie, watubebe wote."

Waliotunga swali lile la bangoni walikuwa mbali, wanauza chai. Kwao ulikuwa mzaha. Mimi nilitaka kulitumia kumfukuza mwenzangu nyumbani kwake.

Stela alisikia kila kitu. Kesho yake akaja, akaketi palepale, akanisogezea sahani yake ya kupimia kwa kuwa yangu ilikuwa imepasuka.

Bango lilichanwa na mvua zamani. Wivu wangu haujaisha. Akipata mteja kabla yangu, bado moyo unanichoma. Ukiona wivu, mwanangu, ni mambo ya watu. Ila usiulize mtu katoka wapi kwa sababu tu amekuzidi. Mungu akupe fungu lako likutoshe, na siku fungu la mwenzako litakapokuwa kubwa zaidi, akufunge mdomo mapema kuliko alivyonifunga mimi.