Barafu ya Cherehani

Nimefanya kazi kiwanda cha barafu miaka arobaini na moja. Kusoma sijui, haya namsimulia binti yangu aandike. Barafu naijua. Mke wangu tulikuwa naye humo humo: yeye akishika mpira wa maji na kujaza kalibu, yale makasha ya kugandishia, mimi nikikata. Wenzetu walimwita Cherehani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kusimama. Walisema tuligawiwa maneno ya watu wawili, akabeba fungu lote.

Alifariki mwezi wa pili. Bonge la mwisho alilojaza sikuliuza. Nililifunika gunia, nikalisukuma nyuma kabisa ya chumba cha baridi. Meneja akiliulizia, namwambia lina ufa.

Juzi binti yetu, mtunza ukumbi wa maktaba, akaniambia anakuja mtafiti wa Ncha ya Kusini, mama mmoja aliyepewa tuzo. Atazungumza na watu bure, na anataka bonge la barafu la kuonyesha. Nikachagua zuri. Nikakata sehemu ya kati yote, ile nyeupe, maana wateja huiita chafu. Kilichobaki kilikuwa safi kama kioo cha dirisha. Nikavaa shati la sherehe, nikalipeleka kwa mkokoteni.

Mtafiti akashukuru, kisha akakuna kichwa. Ile nyeupe, akasema, ndiyo aliyoitaka. Weupe ni hewa. Kule wanachimba barafu ya kale, na ndani ya vipovu vyake wanaikuta hewa ya siku zile. Langu halikuwa na kipovu hata kimoja.

Watu walishaanza kukaa. Binti yangu ndiye aliyeomba mhadhara ule, na wakubwa zake walikuwa mstari wa mbele. Uso ulimshuka.

Kiwandani mabonge yote ya siku ile nilishayakata weupe. Lilibaki lile moja la chini ya gunia, na likitoka halirudi. Nikamuuliza mtafiti kama kweli hewa hukaa humo.

"Hukaa, mzee. Mpaka barafu iyeyuke."

Kwenda na kurudi ni dakika ishirini. Nilitumia kumi na mbili, na goti hili hili bovu.

Mtafiti akavunja kipande cheupe, akakitia kwenye glasi ya maji, akasogeza kipaza sauti. Akawaonya watu kuwa hii ni changa, haina kelele kama ya kule. Ukumbi ukanyamaza. Pli, pli, pli. Vipovu vikapanda. Watu mia mbili wakainama mbele wasikie.

Binti aliliona gunia. "Baba, hilo si la mama?"

"Lake. Siku ile alikuwa anasimulia mambo ya jirani na mbuzi wake, mpaka kalibu ikafurika."

Akacheka huku machozi yanamtoka, wakubwa zake wakageuka. "Basi leo kapata wa kumsikiliza."

Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Mtafiti akauliza nani ana swali. Mikono ikainuka ukumbi mzima, lakini barafu ilikuwa bado inasema, na hakuna aliyetaka kumkatiza.