Mume Wangu Alimwita Mama Yake Mfanyakazi wa Ndani

Admin, nifichie jina. Nina hasira mpaka nashindwa kula.

Mimi ni mama wa miaka 37, Mtanzania, nesi, naishi Tottenham, London, na mume wangu na binti yetu wa miaka minane. Mume wangu ni Mmexico aliyekulia Florida, Marekani. Wazazi wake walihamia kule kuchuma machungwa kwenye mashamba ya watu. Baba alipofariki, mama akaendelea peke yake, kupanda ngazi na mfuko mzito begani, mpaka mwanawe akamaliza chuo. Leo bega lake moja limeshuka na vidole havinyooki.

Mwezi uliopita alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Kihispania changu ni cha kuokoteza, lakini tunaelewana vizuri. Jumamosi moja mume wangu akaalika bosi wake na mkewe chakula cha mchana. Mama mkwe ndiye aliyepika kila kitu. Alipoleta sahani mezani, mke wa bosi akauliza, "Na huyu ni nani?"

Mume wangu akajibu bila hata kupepesa macho, "Anatusaidia kazi za ndani."

Jamani! Mama hajui Kiingereza kingi, ila hayo maneno aliyaelewa. Akaweka sahani taratibu, akarudi jikoni. Binti yangu akaropoka, "Daddy, that's Grandma!" Baba yake akamfukuzia chumbani kwake.

Nilimfuata mama, nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu pembeni ya bosi. Nikasema, "Huyu ndiye aliyemzaa mume wangu. Kachuma machungwa ya watu mpaka huyu akasoma." Wageni wakaaga hata chai hawajanywa.

Mume wangu alifoka, "Umenidhalilisha! Kazini wanajua wazazi wangu walikuwa na shamba lao!" Akabeba begi, sasa yuko kwa rafiki yake Stratford. Anasema harudi mpaka nimwombe msamaha. Yeye mwenyewe hajamwomba mama yake hata radhi.

Kinachoniumiza zaidi, mama mwenyewe ananibembeleza: "Mwanangu, muombe tu radhi arudi. Mimi nimeshazoea."

Ameshazoea! Kwa hiyo si mara ya kwanza?

Nishaurini. Nimpigie magoti ili mtoto awe na baba, au abaki hukohuko? Na nyie wanaume mliosomeshwa kwa jasho la mama zenu, nijibuni nyie kwanza.