Nilikijaza Kijiji Maji kwa Rangi

Nimekosa. Msinitafutie maneno laini, mimi mwenyewe nimeyatafuta miaka yote hii sikuyapata. Kijiji cha wajomba zangu hakina bomba la maji, na aliyewakosesha ni mimi, kwa mkono huu ninaoandikia!

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nimezaliwa kwenye nyumba ya tembe, ya udongo hadi paani, sikubebwa na mtu. Nilijisomesha ng'ambo kwa kuosha vyombo hotelini, nikarudi Dodoma na stashahada ya kompyuta wakati ofisi nyingi hapa bado zinagonga taipureta. Mashirika yalikuwa yanabinafsishwa, miradi ya wafadhili inaingia, na kila bosi alitaka maneno yake yaonekane ukutani kwa projekta. Nani alijua kutengeneza slaidi? Mimi! Wakubwa walinisubiri kwenye benchi langu. Hilo silikani hata leo.

Ukaja mradi wa maji. Mhandisi wake alikuwa dada mmoja wa Kinyamwezi, mtani wangu. Sisi Wagogo na wao ni watani tangu enzi za mababu. Anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu nikacheka. Alinipa ramani aliyoichora kwa mkono nimtengenezee slaidi ya kuwaonyesha wafadhili. Kijiji chenye maji kilikuwa duara lililojazwa buluu. Kisicho na maji, duara tupu. Bomba lililokwisha kulazwa ni mstari mzima. Linaloombwa ni mstari wa kukatikakatika. Kijiji cha wajomba kilikuwa duara tupu, na mstari wa kwenda huko umekatikakatika.

Nikachora kama alivyotaka. Akapita kuiona kabla ya kwenda porini kusimamia uchimbaji wa visima.

"Ee mtani, kumbe huko ng'ambo ulijifunza na kazi! Mimi nilidhani ulikwenda kula tu."

"Ninyi mmezoea kubeba mizigo ya watu kichwani. Mambo ya kompyuta tuachieni."

"Haya. Ila usiiguse tena, nakujua kwa kupenda urembo. Ukigusa mistari yangu, wajomba zako watakunywa vumbi."

"Watakunywa maziwa, wana ng'ombe!"

Tukacheka sote. Mtani akikuambia jambo, unaliweka kwenye fungu la utani, basi. Angeniambia mtu baki kwa sura ya kazi, ningesikia!

Alipoondoka nikabaki naitazama ile slaidi. Ilinikera! Mistari iliyokatikakatika ilionekana kama kazi ya fundi aliyeishiwa rangi. Maduara mengine yamejaa, mengine matupu, kama kinywa cha mzee aliyeng'oka meno. Nisifiwe kwa kitu hiki?

Nikabofya mstari mmoja mzima, mnene, wa buluu. Nikachukua ile alama ya brashi inayonakili mwonekano wa umbo moja na kulivika jingine, nikaipitisha kwenye mistari yote mpaka ikafanana. Nikayajaza maduara matupu buluu inayofifia ukingoni, nikayatilia kivuli. Kisanduku cha kueleza maana ya alama nikakifuta, kilikuwa kinabana nafasi. Ilipendeza! Haki ya Mungu, ilipendeza!

Siku ya mkutano mtani wangu alikuwa bado porini. Aliyesimama mbele ni mkurugenzi wa mradi, mtu aliyekijua kijiji kile kwa jina tu, viatu vyake havijawahi kuona vumbi la huko. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nambofyia. Ramani ilipotokea, wageni wakaguna kwa kuridhika. Wakauliza nani kaitengeneza. Nikasimama, nikainama kidogo.

Kisha mama mmoja wa wafadhili akanyooshea kalamu duara la wajomba zangu. "Na huku, bomba limeshafika?"

Mkurugenzi akageuka kutazama ukuta. Akaona duara limejaa, mstari mzima.

"Limefika," akajibu.

Nilisikia! Nilikuwa pembeni yake kabisa. Nilichotakiwa kusema ni hiki tu: samahani, hapo nimekosea. Lakini ndiyo kwanza walikuwa wamenisifu. Nikabofya slaidi inayofuata.

Wafadhili wakakitoa kijiji kile kwenye mradi, mabomba yake yakapelekwa kwingine. Mtani aliporudi alihangaika kuwaeleza, akaambiwa mikataba imeshasainiwa. Akaja kwangu, hakukaa.

"Ulimsikia alivyojibu?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

Nikageukia kompyuta yangu. Akatoka, mlango akauacha wazi.

Nina hasira! Nina hasira na mkurugenzi yule anayejibu kwa kusoma ukuta. Nina hasira na wageni wanaoamini rangi, hawaombi hata kupelekwa wakaone. Lakini wao walidanganywa. Mimi nilijua, na hasira hii kila nikiitupa kwao inanirudia.

Mjomba mkubwa alifariki juzijuzi, kwa uzee. Mtani wangu akaja msibani na gari la mapipa ya maji. Watu wakaanza kutabasamu mapema, maana kwetu mtani akifika msibani hunyang'anya jembe, hulala kaburini, hudai alipwe ndipo atoke. Wote walingoja vituko. Yeye akanipa mkono.

"Pole, Bwana."

Bwana! Hajawahi kuniita hivyo. Akamwendea mama yangu, akamwambia, "Shikamoo mama, maji yapo kwenye gari," akakaa na wanawake, jembe hakuligusa.

Mapipa yaliisha kabla ya matanga kwisha. Mke wa mjomba akaenda korongoni, akafukua mchanga, akarudi na ndoo. Akanimiminia kwa kikombe. "Nawa taratibu, mwanangu, yametoka mbali." Hajui! Hakuna aliyemwambia, na mimi nikanawa.

Ninyi vijana mnaojivunia slaidi, sikilizeni. Bado hakuna wa kunishinda kuzitengeneza mji huu, kwa hiyo siongei kwa wivu. Mstari uliochorwa na mwenzako usiuguse kabla hujamuuliza kwa nini ameuchora hivyo. Na ukikosea, sema palepale, ramani ikiwa bado ukutani, hata kama wametoka kukupigia makofi. Mimi nilibofya inayofuata, na mke wa mjomba bado anafukua mchanga.