Mwanamke Aliyenifundisha Mtindo wa Chura

Nilikuwa na miaka kumi na minne mama alipoanza kunichukua kwenda naye Diani wakati wa likizo. Sisi tulikuwa tukikaa Gazi, naye alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufuoni. Kazi yangu ilikuwa kukunja foronya. Dirisha la chumba cha dobi lilitazama bwawa la kuogelea, na hapo ndipo nilipomwona: mwanamke wa bara, mrefu, mwenye mabega mapana, aliyeajiriwa kuwaangalia wageni wasizame. Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, aliogelea peke yake, akienda na kurudi bila kurusha maji.

Maji niliyazoea tangu utotoni, lakini sisi wasichana wa Gazi tulijua kujikokota tu. Siku moja alinikuta ukingoni nikimtazama. Nilimwamkia. Aliniuliza kama ninajua kuogelea, nikasema kidogo, akataka nimwonyeshe. Nilipofika ng'ambo nikihema, alisema nimeogelea kama mtu anayechimba muhogo.

Mama hakukataa nifundishwe, ila aliweka masharti: mwili usitiriwe, na pasiwe na mwanamume karibu. Mwalimu, maana ndivyo nilivyomwita tangu hapo, hakubishana. Alishona mwenyewe suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, akamletea mama azikague. Mama alivuta mishono mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya. Nimekukabidhi mwanangu."

Mwalimu alikuwa ameshindana shuleni kwao, na mtindo wake ulikuwa ule tuliouita wa chura. Siku za mwanzo hakuniruhusu niingie majini. Alinilaza kifudifudi kwenye saruji ya ukingo, akanishika vifundo vya miguu, akavigeuza nyayo zitazame nje kama za bata. Magoti yasiachane sana, alisema, nguvu imo ndani ya nyayo. Nililala na maumivu ya nyonga. Tulipoingia majini alinipa maneno manne ya kufuata: vuta, pumua, piga, nyamaza. Hilo la mwisho, yaani kutulia na kuacha mwili uteleze, ndilo lililonishinda. Nilikuwa na haraka ya kuvuta tena kabla teke halijanifikisha popote. Akaniambia nihesabu mivuto ya mikono yangu kutoka ukuta hadi ukuta. Nilianza na ishirini na miwili. Likizo ilipokwisha nilikuwa nimefika kumi na mitatu, na kila jioni mama alisikia hesabu hiyo mpaka akaizoea kama yake.

Mwaka wa tisini na saba shule yetu iliniandikisha katika mashindano ya wasichana Mombasa, mita mia moja, urefu wa bwawa mara nne. Mwalimu aliomba ruhusa kazini akaja. Alikuwa amenipangia mbio zote: urefu wa kwanza nijizuie, wa pili nikaze kidogo, wa tatu nitoe miguu yote kwa sababu hapo ndipo wengine huchoka, wa nne nisimtazame mtu.

Firimbi ilipolia nilisahau. Msichana wa pembeni alitangulia, nami nikamfuata kwa pupa, mikono ikipigana na maji. Nilimpita. Katika kugeuka mara ya pili, kwa kukimbilia, niligusa ukuta kwa mkono mmoja, na sheria ya mtindo ule ni mikono yote miwili pamoja. Nilimaliza wa kwanza. Mwamuzi akaja akaniambia kwa upole kwamba nimeondolewa.

Kwenye feri, mwalimu hakunikemea. Tulikuwa karibu kufika Likoni aliposema, kwa Kiswahili chake cha bara, "Leo umeogelea mbio za yule msichana. Zako hujaogelea. Siku ingine wewe wachana na yeye."

Hiyo siku nyingine hakuiona. Mwezi wa Agosti vurugu zilizuka Likoni zikatambaa mpaka kwetu, na watu wa bara wakatishwa waondoke. Mama alirudi kutoka kazini akaniambia kwamba mwalimu amepanda lori pamoja na wenzake, na begi moja tu. Hatukuagana. Wageni nao waliacha kuja, maji ya bwawa yakageuka kijani, na baada ya muda mama naye akaambiwa apumzike nyumbani.

Nilifanya mazoezi Gazi maji yalipojaa, kutoka mkoko hadi mkoko, nikiwa na nguo zile alizonishonea, ambazo sasa zilinibana mabegani. Nilijisemea maneno yake manne kwa sauti yake. Mara nyingi nilisimama katikati ya maji nikageuka, nikidhani ameniita.

Mwaka uliofuata nilirudi Mombasa. Urefu wa kwanza nilikuwa wa tano, na niliwaacha waende. Urefu wa tatu nilitoa miguu yote, nikasikia maji yakifunguka mbele yangu. Niligusa kwa mikono miwili kila ukuta. Nilikuwa wa pili, kwa tofauti ya kiganja. Nilipotoa kichwa nilimtafuta kwenye watu, hali nikijua hayupo.

Baadaye tulipata fununu kwamba amejistiri katika mji mdogo wa Mackinnon Road, kwa kaka yake anayetengeneza malori. Nilimsumbua mama mpaka tukaenda. Wifi yake alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema mwalimu ameondoka miezi miwili iliyopita kwenda kwao bara, wala hajaandika.

Basi nilimsimulia yule wifi mbio zile, ukuta hadi ukuta, nani alikuwa mbele na nani nilimpita wapi. Hakuwa amewahi kuona bwawa la kuogelea. Alisikiliza na mtoto mapajani mpaka nilipomaliza, kisha akauliza, "Nimwambie ulishinda?"

"Mwambie nilikuwa wa pili," nikasema. "Mwambie hizo zilikuwa zangu."

Aliyarudia maneno hayo mara mbili ili asiyasahau. Sikupata kujua kama yalifika.